Safari Yetu ya Kitulo, na Mashauri ya Bonde Letu

 Wengi wameniomba niandike habari za safari yetu ya Kitulo, maana walisikia kwamba walimu sita wa Dar es Salaam walisafiri siku nzima kwenda kutazama majani na ndege, wakacheka. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hata ndege wa kutazamwa wamekwisha hapa kwetu?" Basi nitaeleza tuliyoyaona, na sababu ya mambo hayo kutuhusu sisi tukaao huku pwani.

Kitulo ni uwanda ulio juu ya milima, katika nyanda za juu za kusini, mahali ipakanapo mikoa ya Mbeya na Njombe. Umezungukwa na safu tatu za milima: Kipengere, Poroto, na ile iitwayo Livingstone. Kimo chake ni kama meta 2,600 juu ya bahari. Zamani Wazungu waliuita uwanda wa Elton, kwa jina la Mwingereza Frederick Elton aliyepita huko mwaka 1877; lakini wenyeji huuita Bustani ya Mungu, na jina hilo ndilo linalodumu. Mwaka 2005 uwanda huo pamoja na msitu ulio kando yake ulifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa, yenye kilometa za mraba kama 413. Hifadhi nyingine katika nchi yetu zajulikana kwa simba na tembo. Hii iliwekwa hasa kwa ajili ya maua.

Twalipanda basi Mbezi kabla ya mapambazuko, tukapita Morogoro, na Mikumi, na mlima wa Kitonga, na Iringa, na Makambako, hata usiku tukashuka Chimala tumechoka sana. Asubuhi twalikodi gari la kutupandisha mlimani. Njia ile huitwa Hamsini na Saba, kwa kuwa ina kona hamsini na saba za kuzunguka mlima. Mwalimu wa hesabu katika kundi letu alianza kuzihesabu kwa sauti. Alipofika arobaini akafumba macho, akanyamaza. Hata tulipofika Matamba, penye ofisi ya hifadhi, jasho la pwani lilikuwa limetukauka na meno yalikuwa yakigongana. Wenyeji walitupa chai ya moto na viazi vya kuchemsha, viazi vya huko, vikubwa na vyenye unga, nasi tukala kama watoto waliotoka shule. Kisha tukaongozana na kijana mmoja mwongozaji, Mkinga, mzaliwa wa pale pale, tukapanda tena kwa muda wa saa moja hata uwandani.

Kwa mbali uwanda ule waonekana kama shamba lisilo na mwenyewe. Hapana mti, hapana nyumba. Ni majani tu, na maua ya manjano na meupe na ya zambarau, na ukungu upitao juu yake polepole. Mmoja wetu akanena, "Ardhi yote hii imekaa bure, na watu hawana mahali pa kulima!" Yule kijana hakumjibu. Alitushusha katika kibonde kidogo ambamo miguu yetu ilianza kuzama, akaichomeka fimbo yake chini. Fimbo ikazama hata mkono wake ukagusa majani. Alipoichomoa, tundu likajaa maji safi. Akasema, "Walimu, hili ndilo tangi letu."

Akatueleza kazi yake. Mvua za huko huanza kunyesha mwezi wa Novemba, zikaendelea hata Aprili. Mizizi ya majani imeshonana kama mkeka, na chini yake pana udongo mweusi wa majani yaliyooza tangu zamani za kale. Udongo huo hunywa maji kama sifongo. Mvua inapokoma hauyaachi yote kwa mara moja, bali huyatoa kidogo kidogo, usiku na mchana, kwa miezi yote ya kiangazi. Kwa hiyo vijito vya Kitulo vina maji hata mwezi wa Septemba, hali mbingu haijatoa tone. Mahali penye mlima mtupu, mvua ya leo imekwisha kupita kesho, nayo imechukua udongo. Mtu akichimba mfereji ili bwawa likauke apate kulima, hupata mavuno kwa miaka michache, kisha watu walio chini hukosa maji, na mwisho yeye mwenyewe hukosa pia.

Sasa niwaambie habari za ndege. Mwongozaji wetu alitukataza kusema. Ndugu zangu, kumnyamazisha mwalimu ni kazi, na walimu sita ni kazi kubwa zaidi. Twaliketi juu ya mabegi yetu katika baridi, tukiwa na darubini mbili tukipokezana, na kwa muda wa saa nzima hatukuona kitu. Nilianza kuwaza nauli. Ndipo kijana akainua kidole.

Ndege mdogo alikuwa akiruka chini chini juu ya majani, akienda na kurudi kama anayefagia. Alipogeuka juani rangi yake nyeusi ikang'aa kuwa buluu, na mkia wake ulikuwa na nyuzi mbili ndefu nyembamba. Huyu ndiye mbayuwayu wa buluu. Hajengi darini kama mbayuwayu wa mjini. Hutafuta shimo katika ardhi, pengine tundu la zamani la muhanga, akashikiza kiota chake humo kwa udongo na majani. Hufika huko milimani mvua zinapokaribia, akalea makinda yake, na zinapokwisha huondoka kwenda pande za Ziwa Viktoria na Uganda, akangojea huko mpaka majira yarudi. Katika dunia yote wamebaki maelfu machache tu. Sababu yake si bunduki wala mtego. Ndege huyu ana nyumba mbili, na zote mbili ni nchi ya majani yenye maji. Moja ikilimwa au kukaushwa, ile ya pili haimfai kitu.

Baada yake twaliona kweche wa milimani. Dume ni mweusi, ana madoa ya manjano mabegani, na mkia wake ni mrefu kuliko mwili, hata upepo humsumbua kama bibi harusi mwenye shela. Jike ni wa rangi ya majani makavu, ukamdhania shomoro. Madume walikuwa wakiruka polepole juu ya bwawa, wakishuka na kupanda, ili majike wawaone. Walimu wa kike katika kundi letu walitoa maneno juu ya jambo hilo ambayo sitayaandika.

Siku ya pili asubuhi, ukungu ulipofunguka, twalimwona tandawala mkubwa. Alikuwa akitembea peke yake katika majani, shingo imenyooka, hatua zake za kiungwana, kama mzee anayekagua shamba lake. Ni ndege mzito, naye hupenda kwenda kwa miguu kuliko kuruka. Twalimtazama mpaka akatoweka nyuma ya kilima, na hakuna aliyesema neno kwa muda, ingawa wakati huo hatukukatazwa.

Katika msitu ulio ukingoni yuko nyani mmoja aitwaye kipunji, ambaye hatukumwona, ila habari zake zawafaa walimu. Wawindaji na wazee wa upande wa Rungwe walimtaja tangu zamani, na wataalamu waliposikia hawakuwa na hakika kama ni mnyama kweli au ni wa hadithi tu. Mwaka 2003 walimwona kwa macho, na mwaka 2005 habari zikatangazwa duniani kote kwamba amepatikana nyani asiyejulikana. Kwa wazee wale alikuwa akijulikana siku zote, na jina lake la kwao ndilo analoitwa hata leo. Mtoto wa kijijini akikuletea jina la ndege usilolijua, usimwambie hakuna kitu kama hicho.

Jambo moja lilitushangaza. Sisi sote tumewafundisha watoto kwamba kupanda mti ni jambo jema, na ndivyo lilivyo. Walakini kijana yule alituonyesha mlima ng'ambo ya hifadhi uliofunikwa na misindano iliyopandwa kwa mistari, akatuambia kwamba miti ile ni fedha kwa wenyeji, maana huuzwa mbao, na wengi wamejenga nyumba bora kwayo. Ila ikipandwa juu ya bwawa la majani hunywa maji mchana na usiku, na kivuli chake huua majani, na mbayuwayu hapati tena mahali pa kuruka wala pa kutaga. Mahali pa mti ni pake, na mahali pa majani ni pake. Nami tangu siku hiyo, nikiwafundisha watoto kupanda miti, nawauliza kwanza: hapa palikuwa na nini?

Nisiwafiche ya kwamba bustani ile ina gharama kwa watu. Matamba twaliketi na mama mmoja mtu mzima, auzaye viazi. Tulipomsifia maua, akacheka. Akatuambia kwamba katika ujana wake alikuwa akichimba kikanda. Hicho ni kiazi kidogo kilicho chini ya ua la jamii ya okidi, na huko Zambia hukitwanga na karanga, wakakipika kikawa kama mkate wa nyama, chakula kipendwacho sana. Wachuuzi walikuja na magunia. Biashara hiyo ilikua mno mwishoni mwa miaka ya 1990, na wataalamu walikadiria kwamba viazi vilivyochimbwa kila mwaka vilifikia mamilioni. Ukikichimba kiazi, ua limekufa, halichipui tena. Hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya kuwekwa hifadhi.

Mama yule akasema, "Mwalimu, kikanda kilinisomeshea watoto wawili. Walipokuja kutukataza nalilia. Lakini hata wasingekuja, mwaka ule nalikuwa nikitembea kutwa nzima kujaza kikapu nilichokuwa nikikijaza asubuhi moja." Nikamwuliza kama ana kinyongo. Akanyamaza, kisha akasema kwamba wa tatu hakumaliza shule. Sikuwa na neno la kumjibu, nami naliandika maneno yake katika daftari ili nisije nikayapamba. Tunaposema mahali fulani pahifadhiwe, yuko mtu aliyekuwa akila pale, na yapasa aulizwe atakula wapi. Kusema kweli, hata mama huyu hakutetea kurudi nyuma. Alisema kwamba kikanda kilikuwa kikiisha kwa vyovyote, na kama wangewekewa kiasi mapema, pengine kingaliko.

Sasa nitawaonyesha njia ya maji yale, ili msidhani ni habari ya mbali. Vijito vya Kitulo na vya milima iliyo karibu hushuka katika nchi ya Usangu, vikafanya Mto Ruaha Mkuu. Ruaha huingia katika bwawa la Ihefu, na kutoka humo hupita katika Hifadhi ya Ruaha, ukafika bwawa la Mtera na kituo cha Kidatu, kilichoanza kutoa umeme mwaka 1975, na waya mkubwa kutoka Kidatu huja mpaka Ubungo. Mbele yake Ruaha huingia Rufiji, penye bwawa kubwa la Julius Nyerere lililoanza kutoa umeme mwaka 2024. Maji tunayokunywa sisi Kinondoni hutoka Mto Ruvu, ambao ni mtoto wa milima ya Uluguru. Lakini taa tuliyosomea vitabu vyetu ilitokana kwa sehemu na matone ya Kitulo. Tangu mwaka 1993 Ruaha umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi yake, kwa kuwa maji ya Usangu yalichukuliwa kwa mashamba na mabwawa ya huko yakapungua. Na mwaka 2006, mvua zilipochelewa na mabwawa ya umeme yalipoteremka, wengi wenu mnakumbuka giza la Dar es Salaam, na barafu za wauza samaki zilivyoyeyuka.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Sisi pia tuna majani yanayoitwa ya bure. Kinondoni imekatwa na mabonde: liko la Msimbazi wenyewe, na yapo ya vijito viingiavyo humo. Zamani mabonde hayo yalikuwa na matete na majani na mpunga, na maji ya mvua yalitandaa humo yakapumzika, kisha yakaenda baharini taratibu. Tumeyajaza vifusi na takataka, tukajenga. Mwezi wa Desemba 2011 mvua ilinyesha kwa siku tatu, na maji yalipotafuta mahali pake pa kupumzika yakakuta vitanda vyetu. Watu kama arobaini walikufa katika mji huu, na maelfu wakakosa makao. Wengine wakahamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao na shule za watoto wao. Mafuriko yamerudi mara kadhaa tangu hapo.

Kabla ya safari yetu, kamati ya jamaa zetu ilikuwa imeletewa habari ya kiwanja cha kujenga darasa la watoto wadogo. Watoto wetu hujifunza chini ya mwembe, na mvua ikija hutawanyika. Kiwanja kilikuwa bondeni, kando ya kijito, chenye matete. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko chochote tulichowahi kuonyeshwa, na muuzaji aliahidi kukijaza kifusi mwenyewe. Wazee wengi walikitaka, na sababu zao zilikuwa za kweli. Fedha tulizo nazo zinatosha kiwanja hicho, hazitoshi kingine. Mzee mmoja, mwenye wajukuu watatu chini ya mwembe ule, alisimama akaniambia, "Mwalimu, wewe umekwenda kutazama ndege, umerudi na maneno. Wajukuu wangu wananyeshewa leo."

Nikamjibu kwa adabu kwamba ni kweli, wananyeshewa, na ya kwamba kunyeshewa si sawa na kuchukuliwa na maji. Nikaeleza habari ya fimbo na tundu lililojaa maji. Nikasema kwamba matete yale yanafanya kazi ambayo hatuioni, na kwamba maji tutakayoyafukuza kwa kifusi chetu yataingia kwa jirani aliye chini, ambaye hatumjui jina. Mama mmoja aliyefiwa na ndugu yake katika maji ya mwaka 2011 hakusema mengi. Aliuliza tu ni nani atakayekaa na watoto darasani siku mvua itakapoanza saa nne asubuhi. Kura zikapigwa. Tukakiacha kiwanja kwa kura mbili.

Hatujapata kingine hata leo, nami nasema hivi wazi ili msidhani jambo limekwisha vizuri. Watoto wangali chini ya mwembe. Tumenunua turubai, nalo lavuja upande mmoja. Yule mzee huniamkia kama desturi, lakini bado hajakubali. Kiwanja kilinunuliwa na mtu mwingine, na kifusi kimekwisha kumwagwa hapo malori mawili. Wasomaji walio na kiwanja mahali pa juu, hata kidogo, au wajuao mwenye nacho, nawaomba watuletee habari.

Mwisho, mashauri kwa nyumba na shule. Mtakao kwenda Kitulo, nendeni kati ya Desemba na Aprili, ndipo maua na ndege ni wengi. Chukueni makoti na viatu vya mvua, na msiende bila mwongozaji, maana ukungu hupoteza watu. Wasioweza safari, waanze hapa. Wapelekeni watoto asubuhi mapema kando ya bonde lililosalia, waketi kimya nusu saa na daftari. Mwanzo watawaona kunguru peke yao, wale walioletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 wakaenea pwani yote, wakawafukuza ndege wengi wadogo. Wasikate tamaa. Sisi twaliandika kunguru kwa siku tatu. Siku ya nne twaliona yangeyange wawili na mdiria mmoja wa buluu juu ya tete. Watoto waandike jina la kila ndege, na mahali walipomwona, na tarehe. Mtu akija siku moja kusema kwamba bonde hilo ni tupu, daftari litakuwapo la kumwonyesha.